Mshahara peke yake haumfanyi mtu aipende kazi

Hapa Goma husemwa: mwongeze mtu mshahara, ataipenda kazi. Ni imani ya siku nyingi, na ni nusu tu ya ukweli. Mwaka 1959 mwanasaikolojia Mmarekani Frederick Herzberg na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waliwauliza ni lini waliifurahia kazi, na lini iliwachosha roho. Machungu yalitokana zaidi na usimamizi mbaya na kanuni za kampuni. Malipo nayo yalitajwa. Furaha ilitoka kwingine: kufanikisha jambo, kutambuliwa, na kazi yenyewe.

Hilo si ruhusa ya kumpunja mtu, maana sifa hazinunui unga. Mtazame kijana wa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, akiteremka kutoka Kibumba na magunia ya kabichi, goti moja juu ya ubao. Malipo ya mzigo ni madogo, naye atakuambia. Yakiongezwa, malalamiko yake yatapungua, na ni haki yake. Lakini muulize habari za chukudu yenyewe, aliyoichonga kwa mti wa mkaratusi: atasimama, ainamishe usukani, akuonyeshe gurudumu.