Wingi wa Vijidudu Si Anuwai

Kila maji ya Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria, yanapogeuka kijani kibichi, husikika hapa Kisumu, hata kwa watu waliosomea mambo ya mazingira, kwamba ziwa sasa lina anuwai kubwa ya vijidudu. Kilichoongezeka ni wingi.

Anuwai ya vijidudu vya majini ni namna bakteria, akea (vijidudu vya seli moja vinavyofanana na bakteria kwa umbo lakini ni kundi tofauti), mwani mdogo, kuvu na virusi vya aina mbalimbali vinavyoishi pamoja katika maji. Ikolojia yavyo huchunguza kila aina inafanya kazi gani humo na inamtegemea nani. Hilo halina utata. Kinachosahaulika ni kwamba anuwai hupimwa kwa mambo mawili, idadi ya aina na uwiano kati yake. Mililita moja ya maji ya ziwa kwa kawaida huwa na seli za bakteria zipatazo milioni moja, na hata zikiongezeka mara kumi, ikiwa karibu zote ni za aina moja, anuwai imebaki ndogo.

Ziwa Nakuru lilikuwa kielelezo kizuri cha hali hiyo katika miaka ambayo maji yake ya magadi, ambayo ni viumbe vichache vinavyoyastahimili, yalitawaliwa na spirulina, aina ya sainobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea, nao heroe wadogo wakaja kwa maelfu kuila. Chakula kilikuwa tele, aina zilikuwa chache. Katika Ghuba ya Winam chanzo ni kingine: naitrojeni na fosforasi kutoka mashambani na kwenye maji taka huilisha sainobakteria iitwayo Microcystis, ambayo huelea kwa vifuko vyake vya gesi, ikatanda juu na kuwanyima mwanga wenzake walio chini. Kwa hiyo, miongoni mwa viumbe vinavyoishi kwa mwanga, ukijani huo mara nyingi huashiria kwamba anuwai imepungua. Bakteria wengine walioambatana na makundi hayo ni hesabu tofauti, na haisomeki kwa rangi. Wala haisomeki vizuri kwa kuotesha sampuli maabarani, kwa kuwa sehemu kubwa ya bakteria wa majini hukataa kuota kwenye sahani, ndiyo maana watafiti husoma jeni ya 16S, ambayo kila bakteria anayo na hutofautiana kati ya aina na aina, moja kwa moja kutoka kwenye maji.

Anayesimama ufukoni Dunga na kuona maji ya kijani, basi, anaweza kusema bila wasiwasi kwamba vijidudu vimeongezeka, ila suala la anuwai alisubirishe hadi sampuli isomwe.