Msitu wa Rubondo Hautazamwi Dirishani

Simu nyingi ninazopokea hapa Mwanza kuhusu Rubondo, kisiwa cha hifadhi ndani ya Ziwa Victoria, huanza na gari: lina viti vingapi, paa linafunguka? Nimeongoza wageni kwa miguu kisiwani humo zaidi ya miaka kumi, na jibu langu ni lile lile. Njoo na viatu vya kutembelea. Serengeti mnyama unamwona toka mbali. Rubondo sehemu kubwa ni msitu uliofunga, na anayeng'ang'ania garini hurudi na picha za majani.

Kufika siku hizi ni rahisi. Kabla Daraja la J.P. Magufuli halijafunguliwa Juni 2025, foleni ya kivuko pale Kigongo ilikula nusu ya siku yetu. Sasa unavuka hadi Busisi kwa dakika chache, unapita Geita, unashika njia ya Chato mpaka Muganza. Lala hapo usiku mmoja, ule sato na ugali wa udaga. Ukipata matobolwa sokoni, nunua ya kutosha. Hivyo viazi vilivyochemshwa vikakaushwa havichachi mkobani, na vinashibisha kuliko biskuti. Boti hutoka Kasenda, jirani na Muganza, na safari ni kama nusu saa tu. Ya kutoka Nkome ni ndefu zaidi.

Miezi ya mvua usimharakishe nahodha alfajiri. Usiku nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto, mawingu yanajikusanya juu ya maji, na radi zake mara nyingi huja kumalizikia asubuhi upande huu wa magharibi. Subiri kupambazuke uione anga.

Sasa sokwe, maana ndio wanaowavuta watu. Mababu zao walikuwa 17. Kati ya 1966 na 1969 Bernhard Grzimek, mtaalamu wa wanyama wa Ujerumani, na Shirika la Wanyama la Frankfurt waliwaleta kwa awamu kutoka bustani za wanyama za Ulaya, wapo na waliotoka kwenye sarakasi. Hakuna aliyewafundisha kutafuta chakula wala kutandika kitanda mtini. Walijifunza wenyewe, wakazaa, wakaanza kuwakwepa watu. Mpaka Rubondo inakuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977, msitu ulikuwa umeshawachukua. Hawa wa leo ni wazao wao, na kila nikiwasikia wakiitana asubuhi nawaza safari waliyotoka wazee wao, toka kizimba cha chuma hadi hapa.

Kuwatafuta ni kazi ya macho na pua. Tunaanza na viota. Sokwe husuka kipya kila jioni, kwa hiyo majani yakiwa mabichi, wamelala hapo jana. Yakiwa ya kahawia, pita. Kisha tunatazama chini ya mitambazi ya mabungo, haya haya ambayo watu wa pwani wanakamulia juisi. Ganda likishikwa na vidole vikanata, hawako mbali. Hapo namwomba kila mtu akae chini, anyamaze nusu saa. Wageni huona ni muda mrefu. Lakini aliyetulia ndiye husikia tawi likipasuka juu yake.

Kuna jambo sina mzaha nalo. Mwaka mmoja mgeni wangu alimeza dawa ya mafua asubuhi bila kuniambia. Tulikuwa tumetembea zaidi ya saa mbili, maganda mabichi tumeshayaokota, ndipo kikohozi kikamshinda. Niligeuza msafara mzima. Wenzake walinuna mpaka botini, na uchungu wao niliuelewa, kwani walikuwa wameweka akiba kwa muda mrefu. Ila mafua yetu sokwe huyapata, na kwao yanaweza kuwa nimonia ya kuua. Hawa wamezungukwa na maji pande zote. Wakipukutika, hakuna kundi jirani la kuja kujaza pengo. Ukiumwa, ahirisha. Nitakupangia siku nyingine.

Mengine ni mafupi. Mtanzania beba kitambulisho, kiingilio chako ni cha shilingi na ni kidogo mno kuliko cha mgeni wa nje. Nguo nyeusi na za bluu ziache nyumbani, zinaita ndorobo, yaani mbung'o. Usiogelee, kuna mamba, viboko na kichocho.

Na usipowaona sokwe, omba upelekwe kwenye mafunjo jioni. Huko yuko nzohe, swala wa majini. Inama uone alama yake kwenye tope: kwato mbili ndefu, nyembamba, zilizotanuka kama mkasi uliofunguliwa, ndiyo maana hazami pale ambapo wewe ungezama hadi magotini. Akishtuka haendi nchi kavu. Anaingia majini, anajizamisha, anaacha pua tu juu. Mara ya mwisho tulisimama dakika nyingi tukitazama maji matupu, mpaka pua hiyo ikapumua.