PCOS haiishi ukifika 45, jamani

Wiki hii wamekuja tena wanawake wawili wenye PCOS, yaani ile hali ya homoni kuvurugika na mayai kutotoka kila mwezi, na maneno yaleyale: "Dokta, PCOS ilikuwa zamani nikitafuta mtoto, sasa hivi nina 46, hedhi imenyooka, ultrasaundi imetoka safi, kwa hiyo nimepona." Hujapona mama. Na kinachoniuma ni kwamba wengine wameambiwa hivyo na madaktari wenzangu, ripoti ya picha imeandikwa "ovari kawaida", faili likafungwa.

Vile vifuko vingi vya kwenye ovari mnavyoviita uvimbe sio uvimbe, ni mayai yaliyoanza kukua yakakwama njiani. Kila mwanamke mayai yanampungua umri ukienda, na wewe uliyekuwa nayo mengi mno ukifika arobaini na kitu unashuka mpaka unafanana na wenzako, ndo maana hedhi inanyooka na picha inapendeza. Kilichopungua ni mayai. Mwili kuigomea insulini, hiyo haijaenda popote, na kitambi cha ukubwani kinaizidishia.

Sasa sukari. Unapima asubuhi hujala, inasoma 5.4, unarudi nyumbani na amani yako. Mama mmoja alikuwa na hiyohiyo 5.4, nikamnywesha glukosi gramu 75, baada ya saa mbili ikasoma 9.8, juu ya kawaida. Kwenye PCOS sukari mara nyingi huanza kuharibikia baada ya kula, ya asubuhi bado iko sawa kabisa. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, nayo naitumia, ila kama una upungufu wa damu au umebeba seli mundu inaweza kupotosha, na huku kwetu hao ni wengi. Kwa hiyo ile glukosi irudie kila baada ya mwaka hadi mitatu, hata kama wewe mwembamba. Presha pima kila mwaka, kolesteroli pia, na kama unakoroma halafu unaamka umechoka niambie, usione aibu.

Kuhusu moyo nikiri, tafiti za waliokwisha koma hedhi hazikubaliani. Mwongozo wa kimataifa wa 2023 unasema PCOS ihesabiwe kama kihatarishi, nami naufuata, presha na sukari peke yake zinatosha kunitia hofu.

Kinachonikosesha usingizi ni hedhi kupotea. Una 47, miezi mitano hujaona kitu, unashangilia umekoma. Kukoma ni miezi 12 mfululizo! Kwako inawezekana yai tu halijatoka, estrojeni inaendelea kujenga ukuta wa kizazi bila projesteroni ya kuutuliza, na ukikaa hivyo muda mrefu ndo njia ya saratani ya mji wa mimba wenyewe, sio ile ya shingo ya kizazi, kwa hiyo usiniambie pap smia yako ilikuwa nzuri. Nitajuaje ni lipi kati ya hayo mawili? Kusema kweli siku hiyohiyo siwezi, FSH, ile homoni ya kuamsha ovari inayopimwa kwenye damu, kwa umri huo inapanda na kushuka, leo inasema umekoma, mwezi ujao inakataa. Basi naangalia unene wa ukuta, nakupa vidonge vya projesteroni siku 10 hadi 14 hedhi ishuke, au kitanzi chenye homoni, ambacho mi ndo nakipenda zaidi ila wengi wanakikataa kwa maneno ya mtaani, na nikiwa na shaka nachukua kinyama kwenda maabara.

Ukishamaliza mwaka bila hedhi kisha ukaona damu, hata tone, usisubiri ikatike, njoo wiki hiyohiyo. Na ndevu zikiongezeka ghafla na sauti ikawa nzito ndani ya miezi michache, usiisingizie PCOS yako ya zamani, hapo ndo natafuta uvimbe wa kweli.