Je, Wajua Kwa Nini Madirisha ya Vioo vya Rangi Kanisani Yamejaa Mistari Mieusi?

Ukitazama dirisha la vioo vya rangi katika kanisa Katoliki, macho hukimbilia rangi kwanza. Sogea karibu. Utaona mtakatifu amekatwakatwa na mistari mieusi: mmoja unazunguka shingo, mwingine unafuata pindo la vazi, mwingine unapasua anga. Wengi hudhani kioo kilivunjika kikaungwa. Sivyo. Mistari hiyo ni ya risasi, ile metali laini ya kijivu, na mbunifu mzuri huanza kuipanga mapema kabisa, rangi zikiwa bado mawazo tu.

Sababu ya kwanza ni kioo chenyewe. Rangi haikupakwa juu yake. Ilitiwa kioo kikiwa bado uji wa moto tanurini. Kobalti huleta buluu, manganisi zambarau, shaba kijani au nyekundu kutegemea moto ulivyoendeshwa. Kwa hiyo, kwa kawaida, kipande kimoja hubeba rangi moja. Ukitaka Bikira Maria mwenye joho la buluu na kanzu nyekundu, huna budi kukata vipande mbalimbali na kuviunga. Nafuu ilipatikana mwanzoni mwa karne ya 14: mafundi walianza kupaka mchanganyiko wa madini ya fedha mgongoni mwa kioo cheupe, wakakichoma, kikatoka na njano safi. Tangu hapo uso na taji la dhahabu viliweza kukaa kwenye kipande kimoja.

Kioo nacho hakikubali kila mkato. Kona kali inayoingia ndani hupasuka, hivyo mbunifu hupitisha mstari hapo hata kama hakuupenda. Mchoro wa ukubwa halisi ukishakamilika, karatasi hiyo hukatwa iwe vipimo vya kukatia vioo, kwa mkasi wa makali matatu, unaoondoa utepe mwembamba usiofika milimita 2. Nafasi hiyo ni ya moyo wa risasi, maana ukikata utepe wa risasi na kuutazama kwa mbele, una umbo la herufi H: kioo kimoja huingia kushoto, kingine kulia. Viungo hulehemiwa, kisha puti ya chokaa na mafuta ya kitani husukumwa chini ya midomo ya risasi ili mvua isipenye.

Sababu ya pili ndiyo inayonivutia zaidi, nayo ni mwanga. Buluu angavu ikitazamwa kwa mbali huonekana kutanuka na kuvamia majirani zake, wakati nyekundu hutulia mahali pake. Viweke bila mpaka, na kanzu nyekundu itaanza kuonekana ya zambarau. Mstari mweusi huizuia buluu isivuke. Viollet-le-Duc, msanifu majengo Mfaransa wa karne ya 19, alilieleza jambo hili kwa kina.

Macho, pua na mikunjo ya nguo si kazi ya risasi. Hiyo huchorwa kwa rangi nyeusi ya unga wa kioo na oksidi ya chuma au shaba, kisha huchomwa hadi ishikane na kioo.

Umbali nao huamua. Katika kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, madirisha ya chini yana visa vingi vidogo, maana msomaji yuko karibu. Ya juu yana watu wakubwa waliosimama peke yao. Petro hapo hutambulika kwa funguo tu. Isitoshe, risasi ni dhaifu mbele ya upepo, kwa hiyo dirisha refu hugawanywa na kushikwa kwa fito za chuma, na mbunifu asiyejua fito itapita wapi anaweza kumfunika Kristo usoni.

Je, risasi inaweza kuachwa? Ndiyo. Mwaka 2007 Gerhard Richter aliliwekea kanisa kuu la Cologne, Ujerumani, dirisha la miraba zaidi ya 11,000 yenye rangi 72, iliyoshikizwa kwa gundi ya silikoni. Linapendeza sana, ila halina mtu wala kisa. Pale panapohitajika kusimulia, mimi bado nachagua risasi, hasa kwa kuwa hubadilishika: ikichoka baada ya miaka 100 au zaidi, mafundi hufungua dirisha na kurudisha vioo vilevile ndani ya risasi mpya, wakifuata mistari ileile ya mbunifu wa kwanza.