Mnasihi Si Mtoa Maagizo: Dhana Potofu Kuhusu Tiba za Maumivu ya Moyo

"Mnasihi atakuambia la kufanya." Unasihi huitwa pia "ushauri nasaha", na jina hilo lenyewe limechangia kosa hili. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza kujenga unasihi unaomweka mteja mbele katika miaka ya 1940, alikwepa kutoa maelekezo: mtu akisikilizwa bila kuhukumiwa, mara nyingi njia huiona mwenyewe. Mbinu nyingine zina mafunzo zaidi, lakini uamuzi hubaki wa mteja.

"Ukilia ukayatoa yote, umepona." Kulia kunaweza kupunguza uzito, ila kwa muda. Tiba ya fikra na tabia, iliyoasisiwa na daktari wa akili Aaron Beck miaka ya 1960, inadai daftari. Tuseme rafiki hajajibu ujumbe. Andika tukio, kisha wazo lililokujia ("amenichoka"), kisha hisia na uzito wake kati ya 0 na 100: huzuni, 80. Fuatisha ushahidi unaounga mkono wazo hilo na unaolipinga (juzi alipiga simu mwenyewe), andika wazo linalozingatia pande zote mbili, halafu pima huzuni upya. Ikishuka hadi 50, zoezi limefanya kazi. Wanaosubiri sifuri hukata tamaa bure. Wengi huharibu kwa kuandika "nina huzuni" mahali pa wazo. Hiyo ni hisia, na hisia haipingwi kwa ushahidi. Wengine hujaza daftari usiku wa kuamkia kikao, tukio likiwa limeshapoa.

"Unachokiogopa, kiepuke mpaka upone." Kukwepa ndiko kunakoilisha hofu. Anayeogopa lifti hupanga ngazi: kusimama mbele ya mlango (hofu 20), kuingia bila kupanda (40), kupanda ghorofa moja na mwenzake (60), kisha peke yake (80). Kila ngazi hurudiwa mara kadhaa. Ukitoka mbio hofu ikiwa kileleni, akili inajifunza kwamba mbio ndizo zilizokuokoa, na kesho ngazi ileile inakuwa ngumu zaidi.

"Aliyepatwa na janga asimulie yote siku hiyohiyo." Hapana. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao cha kumsimulisha mtu mara tu baada ya tukio. Kwanza usalama, maji, ndugu zake, na sikio iwapo mwenyewe anataka kusema.

"Tiba ni ya miaka." Baadhi ni ndefu kweli. Lakini tiba ya fikra na tabia kwa sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) mara nyingi huchukua vikao 12 hadi 20, kama dakika 50 kila kimoja. Shirika hilohilo lina mpango wa vikao 5 vya dakika 90, unaoendeshwa hata na wasio wataalamu baada ya kufundishwa na wakiwa chini ya usimamizi.

"Usipopata nafuu, kosa ni lako." Huenda mbinu haikufai, au wewe na mnasihi hamjakubaliana mnatafuta nini. Baada ya vikao vinne au vitano bila badiliko lolote, mwambie waziwazi. Mnasihi mzuri hatanuna. Atabadilisha njia au kukupeleka kwa mwingine. Mawazo ya kujiua, hata hivyo, hayasubiri kikao kijacho: nenda hospitali siku hiyohiyo, na usiende peke yako.