Alizeti haziwezi kuwatolea risasi (ile metali ya sumu, lead) kwenye udongo, jamani

Juzi nimeulizwa tena, "mtaalamu, si tupande tu alizeti zinyonye sumu?" Ni kikundi cha usafi, kiwanja chao zamani palikuwa panavunjwa betri za magari, zenye risasi ndani, mbegu wameshanunua. Nimejibu hili swali mpaka nimechoka, ngoja niliandike nimalize.

Tatizo hii stori ina ukweli ndani yake ndo maana haifi. Miaka ya 90 alizeti zilioteshwa zikielea kwenye bwawa karibu na Chernobyl, pale Ukraine kinu cha nyuklia kilipolipuka, na mizizi ikanasa seziamu na strontiamu, sumu zenye mionzi. Sawa, ila pale ni maji, mizizi inaning'inia humo humo. Kwenye udongo risasi imeng'ang'ania mfinyanzi na mboji, mmea hauipati kirahisi, na hako kadogo unakopata kengi kanaishia kwenye mizizi, shina na majani havioni kitu. Kwa kiwanja kilichochafuka sana mtavuna alizeti mpaka wajukuu wawe na wajukuu. Mtu ataniletea Pteris vittata, ule mmea wa jamii ya kangaga (fern) uliotangazwa 2001, ndio unanyonya kweli, lakini unanyonya arseniki, sumu nyingine, sio risasi!

Alafu tuseme zimenyonya. Niliwauliza mabua mnapeleka wapi, wakatazamana, mmoja akasema si ng'ombe watakula. Nikakaa kimya kidogo.

Kinachoumiza watoto hapo ni vumbi, mikono michafu inayoingia mdomoni. Kwahiyo kazi yenu ya kwanza ni kufunika, otesheni nyasi zifunge kabisa pasibaki kipara, na mkitaka mboga inueni vitanda, chini weka kitambaa cha kutenganisha, juu udongo safi uliotoka kwingine. Mboji inasaidia, chokaa pia kama udongo una tindikali, risasi haiondoki ila inakuwa ngumu kunyonywa. Kipimo kikija juu sana, kuchimba na kuhamisha ni kazi ya watu wenye vifaa, msiende na majembe na leso mdomoni.

Halafu kuna maneno ninayoyasikia kila mara. "Miaka 20 imepita, imeshaisha." Iende wapi? Risasi ni elementi, haiozi. Petroli ya risasi ya magari iliachwa kabisa duniani 2021, Algeria ikiwa ya mwisho, na udongo wa kando ya barabara za zamani bado unayo. Oili chafu ndo tofauti, hiyo bakteria wanaila, wape hewa na unyevu na naitrojeni, geuza udongo mara kwa mara, utaona mabadiliko baada ya miezi.

"Mboga zimestawi, udongo ni mzima." Hapana. Kadimiamu, metali nyingine ya sumu, inapanda mpaka kwenye majani na mboga inabaki kijani inapendeza.

"Tuchome taka zote tuanze upya." Metali zinabaki kwenye majivu, na mkichoma mabomba ya plastiki ya PVC mnajitengenezea dayoksini, sumu kali. Hili sitaki hata kulijadili.

Pimeni kwanza kabla ya kununua hata mche mmoja, hili nalirudia kila siku. Na mpime vizuri, kuna mtu aliniletea sampuli kwenye kopo la rangi ya zamani, rangi yenyewe huenda ina risasi, sasa hapo nitakuwa napima udongo au kopo? Chukua pointi 10 mpaka 15, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, panapochezewa chota zile sentimita chache za juu tu, pa kulima shuka mpaka 15. Na maabara wakisema "kiko kawaida" ombeni namba yenyewe, maana mipaka inabadilika, Marekani kwa maeneo ya makazi walikaa na miligramu 400 za risasi kwa kilo ya udongo miaka mingi, 2024 wakashusha hadi 200.

Na mkitoka kiwanjani viatu viachwe nje ya mlango, nguo za kazi zisifuliwe na za watoto.