Parvo kwa watoto wa mbwa Goma: maswali na majibu

Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu anatapika tangu jana na anahara damu. Ni parvo au amekula sumu ya panya?

Sumu yawezekana, minyoo pia. Ila parvo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, hupenda watoto wa wiki 6 hadi miezi 6 ambao hawajamaliza chanjo. Huanza kimyakimya: mtoto analala tu, anakataa chakula. Baadaye anatapika, kisha anahara majimaji yenye damu na uvundo ambao ukishaunusa mara moja hutausahau. Dalili hujitokeza siku 3 hadi 7 baada ya kuambukizwa, wakati mwingine hata 14. Veterineri mwenye kipimo cha haraka huchukua kinyesi kidogo kwa kijiti cha pamba na kupata jibu ndani ya dakika chache. Kipimo kikikosekana, tiba isingoje.

Wanasema virusi havina dawa. Sasa anatibiwa nini?

Virusi vya parvo hushambulia chembe zinazozaliana haraka: utando wa ndani wa utumbo, na uboho wa mifupa. Utumbo ukichubuka, maji yanamwagika nje na bakteria wa kinyesi wanapenya hadi kwenye damu, wakati uboho umeacha kutengeneza chembe nyeupe za kupambana nao. Ukavu na bakteria hao ndio wanaoua. Kwa hiyo anapewa seromu, yaani maji ya dripu (Ringer lakteti), antibiotiki ya sindano na dawa ya kuzuia kutapika.

Tupige hesabu. Mtoto ana kilo 4. Ukivuta ngozi ya shingo inarudi polepole, fizi zinanata kwenye kidole. Huyo amepoteza maji kama asilimia 8 ya uzito wake, yaani mililita 320. Ongeza mahitaji ya siku, mililita 60 kwa kila kilo, yaani 240. Jumla 560, na hapo hujahesabu anachoendelea kutapika na kuhara. Tena watoto huhitaji zaidi ya mbwa wazima. Ndiyo maana chupa moja ya mililita 500 inayotundikwa asubuhi, mtoto akarudishwa nyumbani mchana “amepata seromu”, haimtoshi.

Sina pesa za kumlaza. Naweza kumtunza nyumbani?

Ndiyo, mradi veterineri amwone kila siku. Chuo Kikuu cha Colorado State, Marekani, kililinganisha mbwa 40: waliolazwa walipona 90 kwa 100, waliopewa seromu ya mshipani mwanzoni tu, kisha wakaendelea kwa seromu ya chini ya ngozi, antibiotiki ya sindano na dawa ya kutapika, walipona 80 kwa 100. Bila tiba yoyote, wengi hufa.

Akiacha kutapika, mpe maji ya SRO (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini) ya famasi, pakiti kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Kijiko kimoja cha chai kila dakika 10, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ubavuni mwa mdomo. Akitapika, pumzika saa moja, uanze na nusu kijiko. Ukifanya hivyo saa 12 mfululizo umempa mililita 360 tu. Kwa hiyo anayetapika bado, kinywa peke yake hakitamwokoa.

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake una baridi. Mwekee chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa. Akitetemeka au kulegea ghafla, huenda sukari ya damu imeshuka: mpake asali kwenye fizi, kisha mkimbize kwa veterineri.

Parasetamoli, ibuprofeni na dawa za kufunga kuhara za watu, hapana. Maziwa pia hapana.

Lini ale?

Mara tu tumbo linapopokea. Kumfungisha siku tatu ni ushauri wa zamani. Wali laini na kuku wa kuchemsha bila ngozi, kijiko kimoja kila saa 2 au 3. Sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) za kukaanga zingoje: mafuta yatamrudisha kwenye kutapika.

Parsele (kiwanja) yangu ni mawe ya lava. Nitaisafishaje?

Hapa ndipo Goma ina shida yake. Virusi hukaa nje miezi mingi, hata mwaka, na tundu za lava huficha kinyesi. Javeli (maji ya klorini) hufa ikigusa udongo na uchafu, kwa hiyo kuimwaga juu ya mawe ni kuipoteza. Okota kinyesi, suuza kwa maji mengi, na uiache sehemu hiyo bila watoto wa mbwa wasiochanjwa.

Kwenye sementi, sahani na ndoo, osha kwanza kwa sabuni, ndipo upake javeli: mililita 100 kwa lita 3 za maji, iachwe bila kukauka dakika 10. Ichanganye siku ileile. Ile inayouzwa kwa kupimwa, imekaa juani, mara nyingi imeshapoteza nguvu. Usiichanganye na siki wala na dawa nyingine ya choo.

Alichanjwa mara moja, mbona ameugua?

Kinga ya maziwa ya mama huizuia chanjo isishike. Kwa hiyo huanza kwenye wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4, na dozi ya mwisho isitolewe kabla ya wiki 16. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka. Chanjo pia huharibika nje ya nyuzi 2 hadi 8, na umeme tunaujua. Muulize anayechanja imelala wapi usiku, na uangalie kama ameitoa kwenye kisanduku chenye barafu au mfukoni.